Mvungu wa Mama Godelieve

Ukifika mtaani kwetu hapa Kolwezi, nyuma ya Dilala, ukataka kuonyeshwa kwa Mama Godelieve Nkulu, usiulize namba ya nyumba. Namba zetu nyingi zilianguka pamoja na kuta zilizoandikwa. Wewe uliza nyumba isiyo na shimo. Dereva yeyote wa pikipiki atakupeleka, na njiani atakusimulia habari za mama huyo hata kama hukumwomba, na nusu ya habari hizo zitakuwa za kutunga. Ndiyo maana nimeona niandike mwenyewe. Mimi ni Mama Myriam, fundi cherehani, jirani yake wa ua kwa ua, na siku ya jambo lenyewe nilikuwa chumbani mwake, futi ya kupimia shingoni, nimegeuzwa mkalimani kwa lazima.

Mama Godelieve ni mwanamke wa mwili, mwenye kucheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe, hivyo mara nyingi hatujui kilichochekesha na tunacheka tu. Anaongoza kwaya ya akina mama parokiani kwa sauti ambayo padri huisifu kwa uangalifu. Alizaliwa kwa wakulima wa upande wa Lubudi, akaletwa Kolwezi kwa treni akiwa bibi arusi wa Tata Symphorien, karani wa ghala katika kampuni ya zamani. Ukimhurumia anakasirika. Siku ya msiba wa mumewe alimfukuza jikoni mwanamke mmoja aliyekuwa analia kwa sauti huku sombe, mboga ya kisamvu, inaungua mbele yake.

Tata Symphorien hakutaka kuzeekea katika nyumba ya kampuni. Alinunua lupango, kama tunavyoviita viwanja vyetu, akabomoa kichuguu kilichokuwa katikati, akafyatua matofali kwa udongo ule ule na kuyachoma mwenyewe. Sakafu aliisugua kwa kitako cha chupa, amepiga magoti, mpaka ikang'aa. Joyeuse alipozaliwa, mtoto wao wa pekee, akaongeza chumba cha kulala upande wa nyuma, kinachotazama bustani. Mpaka leo Mama Godelieve huipaka sakafu hiyo nta nyekundu kila Jumamosi, na mgeni akiingia anaangaliwa miguu kwanza, uso baadaye.

Kisha ukaja wazimu. Sisemi yakaja madini, maana madini tumezaliwa nayo. Baba zetu waliyachimba kwa king'ora cha kampuni na jioni wakarudi nyumbani kula bukari, ugali wetu. Huu ulikuwa wazimu. Tata Muteba, jirani wa upande wa pili wa Mama Godelieve, alikuwa anachimba shimo la takataka akakutana na jiwe jeusi, zito kuliko ukubwa wake. Akalifunika kwa gunia, akanyamaza. Lakini mtu aliyezoea kulalamika kila asubuhi akianza kusalimia watu kwa tabasamu, mtaa mzima unajua kuna jambo. Haukupita muda kila lupango ulikuwa na shimo lake, na vijana wakamiminika kutoka Kasai, kutoka Likasi, kutoka mahali ambapo sisi wengine hatukujua kama nako ni Kongo.

Sitadanganya, tulifurahi. Watu walibadilisha mabati. Cherehani yangu haikupumzika, kwa sababu mchimbaji akitoka shimoni Jumamosi anataka suruali mpya, na anaitaka kabla ya kuoga. Tata Muteba alitoboa sebule yake mwenyewe, katikati kabisa, kochi akalitoa nje kando ya barabara, na runinga akaiacha ukutani ili wachimbaji wanaoshuka na kupanda waone mpira. Wageni wake walikaa kulizunguka shimo kama watu wanaoota moto. Mwalimu wa hesabu wa shule yetu alishuka humo na chaki bado mfukoni, na wanafunzi wake wakubwa wakamfuata, kwa hiyo darasa likaendelea kuwa pamoja, ila chini.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyosema. Mgeni alikuja, na mwenyeji akaanza kununua maji. Visima vyetu vilishuka, kisha vilivyobaki vikawa na ladha ya msumari. Mchicha wetu, ambao sisi tunauita lengalenga, unauosha mpaka mikono inachoka na bado vumbi linasaga menoni. Msitu wa kule kilimani, tulikokwenda na watoto kuokota uyoga na viwavi, uliliwa na makaa na miti ya kushikilia mashimo. Sasa viwavi vinatoka Lubudi ndani ya magunia, na mwanamke anayeviuza anajibu wateja kwa kiburi kama muuza dhahabu. Kwangu mimi ulitokea ufa ukutani. Niliuziba kwa kalenda ya jimbo. Ulipopita kalenda, nikatundika ya pili. Nacheka ninapoandika, lakini siku ile sikucheka, nilikasirika, na hasira hiyo haijaniisha.

Mama Godelieve peke yake alikataa. Wanunuzi wa madini walimjia mmoja mmoja, wakiwa wamevaa viatu vilivyochongoka, wakamwambia kuwa amelalia utajiri. Aliwajibu kwamba ndiyo maana analala vizuri. Walimtuma hata katekista. Alimpa munkoyo baridi, kinywaji chetu cha mahindi, akamsindikiza mpaka barabarani, akamwambia amsalimie mkewe.

Alikuwa na sababu, na aliisema wazi kwa kila aliyetaka kusikia. Joyeuse alikuwa mjamzito. Kwetu binti huja kwa mama yake kwa uzazi wa kwanza; hata akijifungulia hospitali, anarudi kulala kwa mama, mpaka mama aseme sasa mtoto ana shingo, nendeni. Mama Godelieve alikuwa amesubiri mjukuu huyu tangu Joyeuse alipokuwa bado shule. Chumba cha nyuma, anamolala yeye na ambamo angelala na binti yake, kilikwisha kupakwa chokaa, kitanda kimehamishiwa mbali na dirisha, nguo za kumfungia mtoto nimezishona mimi. Kitu kimoja tu alimwomba Mungu: ile nyumba isimame mpaka mtoto aingie ndani yake na kutoka kwa miguu yake. Kila jioni alikuwa anazunguka kuta kwa mkono, akitafuta ufa, na kila jioni alirudi ndani akiimba.

Sasa lazima niwaeleze habari za mkwe wake, maana bila hiyo hamtaelewa chochote.

Zéphirin ni kijana wa Mwene-Ditu, mpole, mwembamba, mchimbaji. Alipokuja kuposa hakuwa na ndugu hata mmoja huku Katanga. Ukoo wake uliahidi kuja kwa treni, na treni ile, kama mnavyoijua, nayo iliahidi. Kwa hiyo siku ya mahari walikuja wenzake wa shimoni. Kiongozi wao Stanislas, mtu wa maneno mengi na kofia ya ngozi, alikaa mahali pa baba. Kisimba, Ngoy, Gael na wengine walikaa mahali pa ndugu. Mama Godelieve, kupitia mjomba wa Joyeuse, aliwauliza kama kweli wote ni ndugu wa kijana huyu. Wakajibu kwa sauti moja kuwa ni ndugu, tena wa damu, kwa sababu shimoni mtu anashikilia kamba ya mwenzake. Jibu lilimpendeza. Wakapewa kuku, wakamla, wakanyonya mifupa.

Na kwa Baluba, kabila lao, ukwe si mchezo. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hampi mkono, hali mbele yake, hazungumzi naye ila kwa kupitia mtu mwingine. Na chumba cha kulala cha mama mkwe, hicho ndicho mwisho wa dunia. Vijana wa siku hizi wengi wanalegeza. Zéphirin hakulegeza hata kidogo, alizidisha. Akija kusalimia alikaa barazani kwenye kiti kile kile, uso barabarani, mgongo nyumbani. Upande wa nyuma wa nyumba hakuutupia jicho hata mara moja. Mama Godelieve alijivuna kwa mkwe huyo kuliko kwa mabati yake, na kwaya nzima tulichoka kusikia sifa zake.

Basi, msimu wa kiangazi unakaribia kwisha, Mama Godelieve akaanza kutuambia kuwa nyumbani mwake kuna panya. Panya anayegonga. Sisi tukamshauri atafute paka. Baada ya siku chache akasema panya huyo anakohoa. Tulicheka kwenye mazoezi ya kwaya mpaka mwalimu wa muziki akafunga kitabu. Nilimwambia kuwa uzee unaanzia masikioni. Akaniambia nije nisikilize mwenyewe, na kwa kuwa nilikuwa na gauni lake la kupima, nikaenda Jumamosi ile mchana.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba, gauni limejaa pini, nami nimeinama kwenye pindo, tuliposikia mgongo wa sakafu unapasuka kwa sauti ya chungu kinachowekewa maji baridi kikiwa motoni. Kitanda kikainama upande mmoja. Vumbi likatoka mvunguni. Mama Godelieve alichukua mchi uliokuwa nyuma ya mlango, nami nikainua shuka. Mvunguni palikuwa na tundu, na ndani ya tundu palikuwa na kichwa cha mtu, kimevaa tochi, chekundu kwa udongo kuanzia nywele mpaka kidevu. Kichwa kikapiga chafya.

Alikuwa Zéphirin.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema habari ya anayetokea kwa chini. Nilimwangalia mama mkwe, nikamwangalia mkwe. Zéphirin alimtambua mama mkwe kwa miguu yake. Alifumba macho kwa nguvu hivi kwamba uso mzima ulikunjamana, na akabaki hapo, hawezi kupanda, kwa sababu juu ni mwisho wa dunia, na hawezi kushuka, kwa sababu mabega yalikuwa yamenasa.

Mama Godelieve alijitupia kitenge kichwani, akageukia ukuta, akashusha mchi. Kisha akazungumza na ukuta ule kwa utulivu ulioniogopesha.

"Mama Myriam, uliza ule mutu, anatafuta nini chini ya kitanda yangu?"

Nikauliza. Nilihisi kama niko mahakamani.

Ikatoka chini habari yote, kwa vipande, na mimi nikiipitisha kutoka mvunguni mpaka ukutani. Kumbe kundi la Stanislas lilikuwa linafanya kazi katika shimo la Tata Muteba. Mshipa wa madini ulikuwa umepinda na kupanda karibu na uso wa ardhi, nao wakaufuata, lakini kule ndani hewa ilikuwa nzito, watu wanakohoa, wakaamua kutoboa tundu la hewa kwenda juu. Stanislas akauliza nyumba ya mama mkwe inaishia wapi, maana Zéphirin alikuwa amewaapisha wasipite chini yake. Nani angejua kuliko mkwe mwenyewe? Na mkwe akawaonyesha kwa kamba: nyumba inaishia kwenye ukuta wa sebule, nyuma yake ni lengalenga. Hicho ndicho alichokijua. Chumba cha nyuma hakuwahi kukiona, wala kukiuliza, wala kukitazama hata kwa pembe ya jicho. Kwa adabu yake yote, kijana alikuwa amefukua njia kutoka sebuleni kwa Muteba moja kwa moja mpaka kitandani kwa mama mkwe.

Nilitaka kucheka. Lakini Mama Godelieve hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja ukutani, kama alivyofanya kila jioni alipotafuta ufa.

"Muambie," alisema polepole, "apa njo fasi Joyeuse atalala na mutoto."

Sikuhitaji kupitisha kwamba hapo ndipo mahali atakapolala Joyeuse na mtoto. Kichwa kilikuwa kimesikia. Machozi yakapita chini ya zile kope zilizofumbwa, yakachora mistari miwili kwenye udongo.

"Mi mwenyewe," alisema Zéphirin. "Mi mwenyewe njo nilikuwa natoboa kitanda ya mutoto wangu."

Wenzake walimvuta kwa miguu, akatoweka.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Hapana. Stanislas alikuwa ameona ukuta wa lile handaki, na alikuja jioni ile ile barazani kwa Mama Godelieve na kundi lake zima, macho yanang'aa. Tata Muteba naye akaja, amejibebea kiti. Stanislas aliongea vizuri, simnyimi haki yake. Alisema mshipa chini ya chumba kile ni mweusi kama masizi ya sufuria. Alisema wataweka miti, wataweka magunia, nyumba haitatikisika, na mama atapata fungu lake, na mjukuu atazaliwa tajiri. Mama Godelieve alikataa. Stanislas akatabasamu kama mtu aliyebakiza karata.

"Mama, juu ni yenu," alisema. "Chini ni ya État. Kila mutu anajua ile."

Tulijua kuwa analosema, kwamba ardhi ya chini ni mali ya serikali, ndilo wanalosema wakubwa wote, na ndilo wanalotumia kila mara mtu anapoondolewa kwake. Nikasema moyoni, tumekwisha, mama huyu ataaga sakafu yake.

Lakini yeye alijiweka sawa kitini, akamuuliza Stanislas, kwa heshima zote anazostahili mkwe mwenzake aliyekaa mahali pa baba, wale vijana aliokuja nao ni akina nani. Stanislas akasema ni kundi lake. Akamwuliza tena, siku ya mahari walikaa kama nani? Mama Godelieve akaanza kuwataja kwa upole, akiangalia barabarani: Kisimba, aliyekula paja. Ngoy, aliyeomba shingo. Gael, aliyesema yeye na Zéphirin ni damu moja.

Kisimba ndiye aliyeelewa kwanza. Alisimama, akageuza kiti chake, akakaa tena akiwa amempa mama mgongo, uso ameuelekeza barabarani. Kisha Ngoy. Kisha Gael, ambaye hakuwa na kiti, akazunguka palepale alipochuchumaa. Mmoja baada ya mwingine, kundi zima la wachimbaji, wanaume wenye mikono kama majembe, wakageuka kwa kelele za miguu ya viti juu ya saruji, mpaka Stanislas akabaki peke yake anatazamana na mama, na nyuma yake safu ya migongo.

"Kitanda yangu iko pale," Mama Godelieve alimwambia. "Chini ya kitanda ni chini ya kitanda, hata muchimbe mpaka fasi moto inatokea. État ikuye kuchimba yenyewe, siyo mukwe wangu. Hawa bakwe bangu, nani atapita kule?"

Stanislas alivua ile kofia ya ngozi, akaikunja, akaikunjua. Mwishowe akacheka, kicheko cha mtu aliyenaswa na mtego alioutega mwenyewe na kula kuku juu yake, na akasema kuwa kesho wataanza kufukia. Tata Muteba alikasirika, akanyanyua kiti chake. Alituambia kuwa ukwe ni mambo ya watu wenye nafasi, na kwamba yeye hakuoza binti kwa mtu yeyote, kwa hiyo shimo lake litaendelea.

Kufukia kwenyewe kulikuwa sikukuu. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna mwanaume kati yao aliyeweza kukanyaga chumbani, basi wao wakafukia kwa chini, na sisi akina mama wa kwaya tukafukia kwa juu. Udongo tuliuleta kutoka kichuguu cha lupango wa jirani, maana Mama Godelieve alisema nyumba ya kichuguu haishibi udongo mwingine. Tulipanga mstari kutoka barabarani mpaka kitandani, mabeseni yakipita mkono kwa mkono, tukiimba. Kutoka chini wanaume waliitikia sauti ya bezi, na nakwambia kwaya yetu haijawahi kusikika vizuri vile, kabla wala baada. Tundu likapungua. Sauti za chini zikapungua nazo, zikawa kama redio ya mtaa wa pili. Zéphirin alikuwa wa mwisho kule, akishindilia gunia juu ya gunia kwa miguu na mgongo, na alipotoka kupitia sebule ya Muteba hakuweza kusimama. Mama Godelieve aliziba juu kwa saruji, akapiga magoti mzito vile alivyo, akasugua.

Mbuzi wa kuomba radhi aliletwa baada ya Misa, akafungwa kamba mbovu, akala lengalenga zote. Mama Godelieve alisema amesamehe mkwe, mbuzi hajamsamehe, na Jumapili hiyo tulimla kwa moyo mmoja. Kundi la Stanislas likahama, likaenda kufanya kazi kwenye machimbo ya wazi nje ya mji. Shimo la Muteba likachukuliwa na kundi jingine, watu ambao hawakula kuku wa mtu.

Joyeuse alijifungua mvua zilipoanza, mtoto wa kike, wakamwita Mushiya, jina la mama yake Zéphirin. Akaletwa kwenye chumba cha nyuma kama ilivyopangwa. Kila alasiri Zéphirin alikuja akitoka kazini, akakaa kwenye kiti chake, mgongo nyumbani, na mtoto akaletwa na kuwekwa mapajani mwake kutoka nyuma, juu ya bega, bila yeye kugeuka. Alikuwa anamshika kama mtu aliyekabidhiwa sahani ya supu ya moto. Lakini niligundua jambo. Mvua ikinyesha alikuwa hamwangalii mtoto, alikuwa anasikiliza. Na Mama Godelieve, ndani, alikuwa ameacha kuimba jioni. Alikuwa amefukia kwa mikono yake, ameona kila beseni, na bado hakuamini. Nani angeamini? Ukishaona sakafu yako inatoa kichwa cha mtu, hukanyagi tena kwa kisigino.

Ile mvua kubwa ilikuja alasiri moja ya Desemba. Nilikuwa chumbani, nampimia Joyeuse blauzi ya ubatizo. Zéphirin alikuwa barazani anasubiri mtoto wake. Mvua ilipiga bati mpaka tukawa tunaongea kwa vidole. Kisha pakasikika kishindo, si cha radi; kilitoka chini, kikapanda miguuni, na vikombe vikagongana rafuni. Sebule ya Tata Muteba ilikuwa imeingia shimoni, na runinga yake na paa lake na nusu ya jiko. Namshukuru Mungu, hakuna mtu aliyekuwa chini kwa sababu ya mvua, na Muteba na watu wake walikuwa kwa shemeji yake wanakula. Kochi lilisalimika, kwa kuwa lilikuwa nje tangu zamani.

Lakini hayo tulikuja kuyajua baadaye. Wakati ule tulijua kishindo tu, na Joyeuse alimkumbatia mtoto, na Mama Godelieve alisimama katikati ya chumba mikono imenyooshwa, kama anayetaka kuzishikilia kuta zote nne. Mlango ukafunguka kwa teke. Zéphirin akaingia mbio, mabuti ya shimoni miguuni, maji yanamchuruzika, akafika mpaka kitandani na kuinama awabebe mke na mtoto. Hapo ndipo alipotambua alipo. Akaganda, ameinama, hajui macho ayapeleke wapi, na pande zote ni chumba cha mama mkwe.

Tukangoja. Kuta zikatulia. Sakafu haikusogea. Maji ya mvua yakasikika tena.

Mama Godelieve alimtazama usoni. Tangu siku ya mahari hakuwahi kumtazama. Mimi, kwa mazoea, nikasogea mbele nipitishe maneno, naye akaniweka kando kwa mkono.

"Zéphirin," alisema, "kanyaga."

Kijana hakuelewa. Alimtazama Joyeuse, kisha kwa mara ya kwanza akamtazama mama.

"Kanyaga apa. Na nguvu. Ni we njo ulijaza."

Akainua buti, akakanyaga mahali pale pale, kando ya kitanda. Sakafu ikajibu kwa sauti fupi, nzito, ya kitu kilichojaa. Akakanyaga tena. Mama Godelieve akamchukua mtoto kutoka kwa Joyeuse, akamweka mikononi mwa baba yake, kwa mbele, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda na kulia waziwazi, yeye asiyependa kuhurumiwa, na mimi sikumhurumia, nilikuwa nalia pia. Zéphirin aliendelea kukanyaga, mtoto kifuani, mguu huu na mguu huu, matope yakitapakaa juu ya ile nta nyekundu, na hakuna aliyemwambia aache.